Nani Kaandika?

Swali linalomtoka kiongozi anapoletewa lawama ni hilo. Swali la kama lawama yenyewe ni ya kweli huja baadaye, likija.

Kikoba chetu cha Kihonda kinakaribia kuvunja mzunguko, yaani kugawana akiba, na katibu alipendekeza kila mwanachama aandike kwenye karatasi, bila jina, anavyouona uongozi. Mimi, mwenyekiti, nikakubali upesi. Nadhani nilitegemea sifa. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Maoni yalitiwa kwenye ndoo ya plastiki isiyo hata na mfuniko, kisha yakasomwa kwa sauti mbele ya kikao kizima.

Nyingi zilikuwa za kawaida. Moja ilisema riba ifutwe. Nyingine: "Mwenyekiti ana kiburi." Halafu ikaja hii: "Faini ni za wauza mboga. Wenye mikopo mikubwa wanabembelezwa."

Nilitabasamu, nikashukuru, nikaendelea na ajenda. Lakini macho yalikuwa yanapita kwenye nyuso: nani kainamisha kichwa, nani anamkanyaga mwenzake mguu. Karatasi zilipofika mezani nikachungulia mwandiko. Usiku ule nilikuwa nimeshampata mtu wangu, na nimeshakumbuka mazuri yote niliyomtendea: alipofiwa na mama yake ni mimi niliyesimamia fedha za mfuko wa jamii zimfikie siku ileile, na msibani nililala. Nilikuwa nafungua kesi, jamani, dhidi ya mtu ambaye kosa lake ni kujibu swali tulilomuuliza sisi wenyewe. Na hata kama si yeye!

Baba alipenda kutusimulia kisa cha Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Walibeba mabango, mengine yakidai enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Walilalamika pia kwamba viongozi wanakula mishahara minono huku wakiwataka vijana wajinyime. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Palepale akatangaza kuukata mshahara wake kwa asilimia 20, na wanafunzi kwa mamia wakafukuzwa, wakarudishwa makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi marufuku kuwa na mishahara miwili, marufuku kuwa na nyumba ya kupangisha.

Baba alikuwa akimalizia kwa kuusifu ule mshahara uliokatwa. Mimi wiki hii nimewafikiria zaidi wale waliopakiwa kurudi vijijini. La mishahara walilolisema lilikuwa na ukweli, na Mwalimu aliuona. Wao wakatolewa nje hata hivyo. Wengi walirudishwa chuoni baadaye, sawa, lakini najiuliza wangapi walifumbua tena mdomo.

Basi mwandiko nikauacha, nikaenda kulichukua daftari la faini kwa katibu. Karibu zote ni za kuchelewa, na majina ni yaleyale: wa mboga, wa samaki, mama ntilie wa pale stendi. Kikao huanza Jumamosi saa tatu asubuhi, saa ambayo genge lina wateja kuliko saa nyingine yoyote. Sisi wenye ajira, ambao ndio tuna mikopo mikubwa, Jumamosi hatuendi kazini; tunaoga taratibu, tunawahi. Faini ipo kwenye katiba na sijamwonea mtu. Ila anayechelewesha rejesho la mkopo, katiba hiyohiyo inaturuhusu kumwongezea muda, na huwa tunamwongezea, tena kwa maneno matamu. Mwenye genge anayelipia dakika zake ishirini huku akisikiliza hayo ana haki ya kuandika alichoandika.

La kiburi nimeshindwa nilifanyie nini. Halina siku wala tukio, siwezi kulitafuta kwenye daftari. Nilimuuliza mume wangu kama ni kweli, akacheka muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

Na la riba silikubali, hata lingeandikwa kwenye karatasi kumi. Riba ndiyo inayoturudia kama mgao. Tukiifuta, siku ya kuvunja kila mtu ataondoka na hisa zake zilezile alizoweka, na hapo nitaulizwa fedha za kikundi zimekwenda wapi. Nitaonyesha hesabu ubaoni, anayetaka kubishana abishane na hesabu.

Kikao kijacho ajenda ya kwanza ni muda. Nimependekeza saa kumi jioni, baada ya soko kupoa. Mweka hazina ameshanipigia kulalamika: "Dada mwenyekiti, saa kumi mimi nina kwaya." Nimemwambia aandike kwenye karatasi.