Nilivyobadilisha chujio la hewa la injini nyumbani, na kwa nini nililazimika kulifunga mara mbili

Gari langu ni Toyota Corolla yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, na tangu nihamie Dodoma naliendesha kila siku kwenye njia ya vumbi kabla ya kuifikia lami. Kwa miaka miwili, kila nilipolipeleka servisi, fundi alilitoa chujio la hewa, ambalo wengi hapa huliita ea klina, akalipuliza kwa kompresa na kulirudisha mahali pake. Niliridhika, kwa kuwa lilirudi likionekana safi na sikudaiwa hela ya ziada. Agosti mwaka jana, upepo wa kiangazi ulipokaza, gari lilianza kupanda vilima kwa uzito, nikaamua kuangalia mwenyewe.

Niliiacha injini ipoe, nikafungua boneti. Boksi la chujio ni lile la plastiki nyeusi lililo karibu na betri, ambako bomba nene huanzia kuelekea kwenye injini. Kabla ya kugusa kibanio chochote nilifuta kifuniko na kingo zake kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi lililolala juu yake ndilo la kwanza kudondokea ndani kinapoinuliwa. Vibanio viwili vya chuma vilifunguka kwa vidole tu. Kifuniko nilikiinua taratibu, kwa sababu kimepachikwa sensa ya kupima hewa na waya wake si mrefu. Anayehitaji nafasi zaidi achomoe plagi yake kwa kubonyeza klipu, wala asiuvute waya.

Nilipolielekeza chujio kuukuu kwenye jua niliona mambo mawili. Chini kabisa ya mikunjo vumbi lilikuwa limeshikamana kama udongo mkavu, na sehemu kadhaa za karatasi zilikuwa na vitone vya mwanga, yaani matundu madogo. Upepo mkali wa kompresa, ukipulizwa kwa karibu mara baada ya mara, huichosha karatasi hadi ikatoboka. Hilo lilinisikitisha kuliko ule uchafu. Injini ya ukubwa huu, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, huvuta takriban lita 2,000 za hewa kila dakika, na chembe za mchanga zilizomo katika vumbi letu ni ngumu kuliko chuma cha silinda, yaani mitungi ya injini ambamo pistoni hupanda na kushuka. Chujio lililoziba huinyima injini pumzi, nawe utaliona jambo hilo mlimani; lililotoboka husaga silinda na ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, kimyakimya.

Dukani nilikwenda na lile la zamani mkononi, kwa sababu machujio ya Corolla za miaka tofauti hufanana kwa mbali lakini hayalingani. Nililinganisha urefu, upana na kimo, kisha nikabonyeza ukingo wa mpira kwa kidole. La bei rahisi lilikuwa na ukingo mgumu usiobonyea, nikaliacha na kununua la bei ya juu kidogo, kwani ukingo huo ndio unaozuia hewa isipite pembeni ya karatasi.

Nyumbani nilisafisha sakafu ya boksi kwa kitambaa, nikatoa majani makavu na mchanga, nikaweka chujio jipya, nikashusha kifuniko na kubana vibanio. Gari likawa jepesi kupanda. Matumizi ya mafuta hayakubadilika, na sikushangaa: katika injini ya namna hii kompyuta hutoa mafuta kulingana na hewa iliyopimwa, na majaribio ya maabara ya Oak Ridge ya Marekani, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kwamba kwenye magari ya kisasa ya petroli chujio chafu hupunguza wepesi wa kuongeza mwendo, si kilomita unazopata kwa lita.

Baada ya wiki moja nilifungua tena ili kujihakikishia tu, nikapitisha karatasi nyeupe ya tishu upande wa ndani wa kifuniko, ambao unapaswa kupitiwa na hewa iliyokwisha kuchujwa. Tishu ilitoka na vumbi jekundu. Kifuniko kina meno upande wa nyuma yanayopaswa kuingia kwanza katika nafasi zake kwenye boksi la chini, nami nilikuwa nimebana vibanio vya mbele bila meno hayo kuingia, hivyo nyuma palibaki mwanya mwembamba. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi, na sababu yake inafaa kueleweka: hewa iliyopenya hapo iliingia kabla ya sensa, ikapimwa kama hewa nyingine yoyote, na injini haikuwa na njia ya kutambua kwamba haikuchujwa. Laiti mwanya ungekuwa kwenye bomba baada ya sensa, huenda injini ingenguruma ovyo na taa ikawaka.

Nilisafisha upya sehemu ya ndani ya kifuniko, bila kuigusa sensa, ambayo waya zake ni nyembamba mno. Safari hii niliingiza meno ya nyuma kwanza kwa kumulika na tochi, nikakilaza kifuniko kuelekea mbele, nikapitisha kidole kuzunguka ukingo wote hadi nikahisi hakuna palipoinuka, ndipo nikabana. Pembeni mwa chujio niliandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito. Toyota huruhusu chujio kukaa makumi ya maelfu ya kilomita katika barabara safi, lakini kwa njia yangu mimi hulikagua kila kilomita 5,000 na silipulizi tena. Likichafuka nanunua jingine.

Siku tatu baadaye nilipitisha tishu nyingine mahali palepale, na ilitoka nyeupe.