Mapazia wanaandika, mafao hawaandiki

Nina kibanda cha steshenari karibu na mahakama ya mwanzo. Nachapa, natoa kopi, nafanya lamineshi, na kwa sababu ya ujirani huo karibu kila siku kuna mtu anakaa kwenye kiti changu cha plastiki ananisomea madai yake ya talaka niyachape. Mi siyo wakili, wakili ana bei yake na mi nina bei yangu ya ukurasa, ila ukichapa ndoa za watu muda mrefu kuna vitu unaanza kuviona.

Kimojawapo ni ile orodha ya mali. Mtu akifika hapo kwenye "mali tulizochuma pamoja" anakaa vizuri, sauti inabadilika, anaanza kutaja: nyumba ya vyumba vitatu Mbagala, kiwanja Chanika hakijajengwa, pikipiki, friji, seti ya makochi, kitanda sita kwa sita, na yale masufuria makubwa ya shughuli usiyaache. Kuna dada alishafika mlangoni akarudi niongeze mapazia. Nikaongeza. Halafu nikamuuliza kiupole tu, mume anafanya kazi wapi? Mwalimu. Toka lini? Toka 1998. Sasa mbona mafao yake hujayataja? Akaniangalia kama nimemtania, akasema hayo ni ya kwake mwenyewe akistaafu. Yaani mapazia yameingia kwenye madai, ila miaka yote hiyo ya makato ya mfuko wa pensheni, hela iliyokuwa inatoka kwenye mshahara uleule waliokuwa wanakula wote nyumbani, haimo hata kwa mstari mmoja.

Hapo ndo penye shida naona. Watu wanagombania vinavyoonekana.

Lakini nianze na nusu kwa nusu maana hilo ndo swali naulizwa kila siku, eti ni kweli ukiachika unapata nusu. Hapana, siyo moja kwa moja. Huku Tanzania bara tunatumia Sheria ya Ndoa ya 1971 (Zanzibar hii haiwahusu, wana utaratibu wao), na kifungu cha 114 ndo kinampa hakimu mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Anaangalia mila za jamii yenu, anaangalia kila mmoja kachangia nini, iwe hela, mali au kazi, anaangalia madeni mliyokopa kwa faida ya familia na mahitaji ya watoto wadogo, halafu vyote hivyo vikishapimwa ndo anaelekea kwenye usawa. Kwa hiyo kuna anayetoka na nusu, kuna anayetoka na asilimia kumi, na kuna anayetoka na begi lake.

Zamani hata kazi za nyumbani majaji walikuwa hawaelewani, wengine wanasema kupika na kulea siyo mchango ni wajibu wa mke, wengine wanasema ni mchango. Mahakama ya Rufani ndo ikaja kumaliza ubishi mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Nyalali akasema kazi za nyumbani zinahesabika kama juhudi za pamoja. Hii kesi kila mwanaharakati anaitaja, wachache ndo wanasimulia ilivyoisha, kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao wa nyumba, mahakama ilisema mume alishampa hela za mradi akazitapanya, kwa hiyo fungu lake alishalila. Kwa hiyo kanuni tumeipata kupitia mwanamke ambaye yeye haikumfaa kitu. Mi huwa inaniuma kidogo hiyo.

Na majirani zetu Kenya nao yamewakuta hayo. Katiba yao ya 2010 ibara ya 45 inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana, watu wakajua basi ni hamsini hamsini imepita. Januari 2023 Mahakama ya Juu kule ikasema hapana, kila mtu athibitishe alichochangia. Ila cha kuchekesha ni kwamba kwenye kesi hiyohiyo mke alitoka na nusu yake, kwa sababu alithibitisha. Alipoanzia Mahakama Kuu alikuwa amepewa asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba vya kupangisha, Mahakama ya Rufani ikampandisha hadi nusu, na Mahakama ya Juu ikamwachia hapohapo.

Kuthibitisha ndo mtihani sasa. Nani anaomba risiti kwa mume wake? Ukimwambia baba nanihii naomba tuandikishane hii mifuko ya saruji niliyonunua, mtagombana siku hiyohiyo, ataona umeshaanza kupanga kuondoka. Halafu hati ya mauziano ya kiwanja inaandikwa jina la mwanaume tu pale serikali ya mtaa, mke anakaa kwenye benchi kama shahidi, au hayupo kabisa, kabaki nyumbani anawapikia mafundi. Na sheria kwenye kifungu cha 60 inasema mali ikiwa na jina la mmoja inachukuliwa ni ya huyo mpaka mwingine alete ushahidi wa kupinga. Mkiandikwa wote wawili inachukuliwa hisa zenu ni sawa. Jina moja tu pale kwenye karatasi, siku ileile, kwa wino uleule, lingewapunguzia watu miaka ya kesi.

Nilishatoa kopi ya kaunta buku la mama mmoja, lilikuwa limefungwa na raba bendi, kurasa zimelowa mafuta. Ndani kaandika kwa mkono wake: mchanga tripu mbili, nondo za milimita 12 vipande kumi, saruji mifuko 15 "hela ya mchezo", fundi kachukua advansi elfu arobaini, na pembeni kabisa anadaiwa na muuza mkaa. Nikamuuliza ulijuaje kwamba itakuja kuhitajika akasema wala hakujua, alikuwa anaandika kwa sababu fundi alikuwa mwizi. Nikatoa kopi ukurasa mmoja mmoja. Alivyorudi baadaye kuomba kopi ya hukumu alikuwa amepewa karibu nusu ya nyumba, na hakimu amelitaja daftari lile kwa jina, "daftari la matumizi ya ujenzi". Meseji za kutuma hela kwa fundi nazo ni ushahidi, taarifa ya akaunti nayo, mashahidi walioona nao, mjumbe wa nyumba kumi, dalali, hata muuza tofali.

Haya turudi kwenye mafao.

Sheria yetu ya Ndoa haisemi kitu kuhusu pensheni. 1971 ni kama hakuna aliyeifikiria, na sheria za mifuko nazo zinayalinda mafao yasikamatwe wala kuhamishiwa mtu mwingine, ni ya mwanachama. Uingereza kwa mfano toka Desemba 2000 mahakama inaweza kuikata pensheni yenyewe vipande viwili, kipande cha mtalaka kinakuwa chake hata yule mwenzie akifa au akioa tena. Sisi hatuna hicho. PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) au NSSF (wa sekta binafsi) hawana fomu ya mtalaka.

Sasa unganisha na kikotoo, ile hesabu inayopanga mstaafu apewe asilimia ngapi ya mafao kwa mkupuo, yaani kwa mara moja, na inayobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Mnakumbuka ile kelele ya 2018, mkupuo ulipokuwa unashushwa hadi asilimia 25 mpaka Desemba ile rais Magufuli akasimamisha, halafu Julai 2022 ikaja asilimia 33, na baadaye ikasogezwa tena. Kelele zote zilikuwa za wastaafu, na haki yao. Mi nilikuwa nawaza wake zao. Kwa sababu mkupuo ndo unageuka nyumba, ndo unageuka bajaji, na hivyo vikinunuliwa ndani ya ndoa vinagawanyika. Pensheni ya mwezi hailetwi mezani, inaingia kwenye akaunti yake hadi anaingia kaburini. Kwa hiyo mkupuo ukipungua, sehemu kubwa zaidi ya jasho lenu inakaa mahali ambapo ukiachika hutaigusa.

Na kuna lingine baya zaidi. Mke wa mstaafu mume akifariki anapata mafao ya wategemezi kama mjane. Ukishaachika wewe siyo mjane wake. Umeishi naye miaka thelathini, mmeachana ana 58, miaka miwili kabla ya kustaafu kwa lazima, akaoa mwingine akafariki, yule aliyekaa naye mwaka ndo mjane. Sisemi mtu avumilie kipigo kwa ajili ya pensheni jamani, nasema ajue anaacha nini mezani ili adai kitu badala yake.

Kitu badala yake ndo njia pekee niliyoiona inafanya kazi. Mke asidai pensheni, adai nyumba yote au sehemu kubwa zaidi, hoja iwe mwenzangu anaondoka na kipato cha uzeeni ambacho nimemsaidia kukijenga, mi sina. Nilishachapa makubaliano ya namna hiyo, mume nesi mstaafu mtarajiwa, mke alikuwa na genge, mume abaki na mafao yake yote na pikipiki, mke abaki na nyumba na deni la choo kipya. Wamekaa kwenye viti vyangu wanabishana kuhusu deni la choo tu, mengine walishamaliza. Mkikubaliana hakimu anayaingiza kwenye hukumu. Na hii ni pande zote, siku hizi wake wengi ndo wenye ajira na mume ndo yuko kwenye mihangaiko, kwa hiyo mwanaume naye anasahau mafao ya mkewe vilevile anaandika pasi na redio.

Matunzo ntapita haraka. Mtalaka kupata matunzo baada ya talaka siyo kitu cha kawaida kwa sheria yetu, kifungu cha 115 kinataka kuwe na sababu maalumu, na kama ndoa imevunjika kwa sheria ya Kiislamu haizidi kipindi cha eda. Ukiolewa tena yanakoma. Mume naye anaweza kupata kutoka kwa mke ikiwa ni mgonjwa au kaumia hawezi kujitafutia. Ya watoto ni habari nyingine, hayo hayakomi kwa sababu mama kaolewa, na baba ndo wa kwanza kuyabeba. Tatizo ni kiasi. Mtu anakuja anaandika "laki tatu kwa mwezi" kichwani tu, bila kuorodhesha ada, nauli, unga, bima, halafu baba anajibu yeye ni dereva bodaboda hana kipato cha uhakika, hakimu anatoa elfu hamsini. Andika mchanganuo. Kama ameajiriwa taja mwajiri.

Kabla ya yote hayo pitieni baraza la usuluhishi, la kata au BAKWATA (baraza la Waislamu) au kanisani, wakishindwa kuwapatanisha mnapewa Fomu namba 3, bila hiyo kwa kawaida kesi inarudishwa. Ukikosa hela ya wakili, TAWLA na WLAC, mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, wanasaidia. Usiporidhika na hukumu una siku 45 za kukata rufaa, siku 45 siyo nyingi, hukumu yenyewe kuipata kwa maandishi kunakula siku.

Na taarifa ya michango ya mfuko anapewa mwanachama mwenyewe, wewe mke ukienda dirishani watakurudisha. Kwa hiyo kwenye madai ongeza ombi moja, mahakama imwamuru mwenzako alete taarifa ya michango yake na hati ya mshahara. Ni mistari miwili. Naichapa bure.