Ukimya wangu na watu ninaowaongoza

Mimi ni kiongozi mkimya. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nimezoea kujieleza kwa maneno ya heshima zaidi, kama mtulivu au msikivu, ilhali tabia yenyewe ni ukimya. Kwenye vikao nasema machache. Mtu akileta wazo namsikiliza mpaka amalize, kisha nakaa nalo, naligeuza huku na huku kichwani kabla sijajibu. Muda huo wa kuligeuza naupenda sana. Ndipo ninapofanya kazi yangu bora.

Wiki hii pale kazini tulifanya zoezi ambalo wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilibuni mwaka 1955. Linaitwa Dirisha la Johari. Unachagua maneno yanayoeleza tabia yako, wenzako nao wanachagua ya kukueleza wewe, halafu mnalinganisha. Mnayokubaliana yanaingia kwenye kidirisha cha wazi. Uliyoyachagua wewe peke yako yanabaki kwenye kile ambacho wenzako hawakioni. Kuna kidirisha cha mambo yasiyojulikana na yeyote, na kuna kile kinachoumiza kidogo: mambo ambayo wote wanayaona kwako isipokuwa wewe.

Nilichagua msikivu, mvumilivu na mwangalifu. Msikivu waliliandika karibu wote, nikafurahi kwelikweli. Lakini kwenye kidirisha nisichokiona mwenyewe walikuwa wamerudia neno moja: mzito. Niliwaomba wanifafanulie, na mdogo kuliko wote kitengoni akajikaza akasema, "Dada, ukinyamaza mimi najua nimeharibu. Naanza kurekebisha hata kabla hujasema kitu."

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo tangu siku ile. Mara nyingi ninaponyamaza mbele ya kijana huyu huwa nimefurahishwa na alicholeta. Kumbe muda uleule ninaofurahia wazo lake, yeye anaanza kulibomoa.

Kisha akazungumza mama mmoja ambaye yuko kwenye kazi hii kwa muda mrefu kuliko mimi. Akasema ukimya wangu ndio uliomfanya aanze kuchangia, kwa kuwa zamani uamuzi ulikuwa umeshafanywa kabla hawajavuta viti. "Wewe unatuachia nafasi," alisema. Meza ni moja, tabia ni moja, na mmoja amepata nafasi wakati mwingine amepata hofu.

Hapo nilikumbuka kazi ya Ralph Stogdill, ambaye mwaka 1948 alipitia tafiti nyingi zilizokuwa zikitafuta sifa zinazomtofautisha kiongozi na watu wengine. Alihitimisha kwamba mtu hawi kiongozi kwa kuwa na mkusanyiko fulani wa sifa tu. Sifa hizo sharti ziendane na watu anaowaongoza, kazi waliyo nayo na malengo yao. Niliposoma hayo zamani niliyaona kama jambo la darasani. Sasa naona sura mbili mezani kwangu.

Wapo wanaoamini kiongozi lazima awe mchangamfu, mtu wa maneno, na hawakosi ushahidi. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu haiba na uongozi, wakakuta uchangamfu ndio unaohusiana na uongozi kwa uthabiti zaidi kuliko sifa nyingine kuu za haiba. Ila kuna jambo ambalo wanaotaja utafiti huo huliruka: uchangamfu ulihusiana zaidi na mtu kuonekana kiongozi kuliko kuongoza vizuri. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa mtu kama mimi. Inanipa moyo, na papo hapo inanikumbusha kwamba kuonekana nako kuna kazi yake, maana watu hawawezi kutegemea kitu wasichokiona.

Nina tabia nyingine nyingi, bila shaka. Nafuatilia mambo madogo. Takwimu haitoki ofisini kwetu bila mimi kuihakiki. Hiyo hainisumbui wala haiwasumbui wao, na leo nimeelewa sababu: niliwaeleza mapema kwa nini nafanya hivyo. Ukimya sikuwahi kuueleza. Niliuchukua kama kitu changu binafsi, na kabla ya kupewa cheo ulikuwa hivyo kweli. Mfanyakazi wa kawaida akinyamaza, ni yeye na mawazo yake. Mkuu wa kitengo akinyamaza, kila mtu chumbani anatafuta maana, na anayejiamini kidogo ndiye anayepata maana mbaya kuliko wote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wenzangu wamekuwa wakiusubiri mshindo ambao mimi sikuwa nao kabisa.

Sitaki kujigeuza msemaji. Nikifanya hivyo nitamnyima yule mama nafasi yake, nami nitafikiri vibaya. Ninachotaka ni kuutolea ukimya wangu taarifa. "Hili nimelipenda, nalifikiria, nitakujibu kesho asubuhi." Kisha kesho asubuhi nijibu kweli, kwa sababu ahadi kama hiyo ikivunjwa ni afadhali isingetolewa. Wageni wawili watakaojiunga nasi nitawaambia siku ya kwanza namna ninavyosikiliza, wasilazimike kukisia.

Nimeshaanza na yule kijana. Leo mchana alileta mapendekezo yake, nikamwambia sehemu ya kwanza iko vizuri na ya pili naomba muda nayo. Hakuanza kujitetea. Alivuta kiti akaieleza ile ya pili upya, na maelezo yake ya mdomo yalikuwa bora kuliko aliyoyaandika.

Kilichobaki kunitatiza ni ujumbe wa simu. Huko nako nasoma, naweka simu chini, nafikiri, na aliyetuma anaona kabisa kwamba nimesoma. Usiku huu kuna ujumbe wa namna hiyo unaonisubiri. Nitamwandikia kwamba nimeupata, na jibu lenyewe litafuata likishaiva.