Chumvi kwenye chupa ndogo

Mwanangu alikuwa na wiki saba nilipoanza vidonge vya homiopathia, ile tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno. Havimezwi, unaviacha viyeyuke chini ya ulimi, vitano asubuhi, vitano jioni, vyeupe, vidogo kama punje za mtama. Ladha yake sukari tupu. Siku hizo nilikuwa nalia bafuni huku bomba linamwaga maji, ili mume wangu asisikie, na usingizi ulinipaa hata mtoto akilala.

Aliyenipa ni mama mmoja mpole sana. Alinikalisha saa nzima na nusu. Je, nalia mbele za watu au peke yangu? Nikibembelezwa napoa au nazidi kuumia? Naota nini? Tangu nijifungue, kila aliyeingia nyumbani aliuliza habari za mtoto: ananyonya, analala, kitovu kimedondoka? Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilitoka kwake mwepesi, na kwa siku tatu nilisadiki kabisa kwamba dawa imenikubali.

Dawa yenyewe iliandikwa Natrum muriaticum, 30C. Nilipokuja kujua ni nini, ilibidi nikae chini. Ni chumvi. Chumvi hii hii ya jikoni, ambayo wenye tiba hiyo humpa mwanamke anayeficha huzuni na asiyetaka kubembelezwa. (Aliyefiwa hupewa zaidi Ignatia, aliyechoshwa na familia yake, Sepia, wino wa dome, yule nduguye ngisi.) Na hiyo 30C maana yake unachanganya sehemu moja ya chumvi na 99 za kitu kingine, unatikisa, unachota sehemu moja ya mchanganyiko huo, unaongeza 99 nyingine, hivyo hivyo mara 30. Ukipita mara ya 12 ni bahati kukuta hata molekuli moja ya chumvi ya mwanzo. Kwenye chozi langu moja mlikuwa na chumvi nyingi kuliko chupa nzima.

Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyeitangaza tiba hii mwaka 1796, simlaumu. Zama zake wagonjwa walitolewa damu mpaka wakazimia. Sukari haikumdhuru mtu. Ila sisi tuna ushahidi ambao yeye hakuwa nao. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 na halikukuta ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu. Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Uingereza, wa wagonjwa 83 wa baridi yabisi: nafuu waliyopata ilitokana na yale mazungumzo marefu, si vidonge. Nilipousoma nilikumbuka ile saa na nusu yangu.

Kinachoniuma ni wiki tano nilizokaa na vidonge hivyo. Siku ya nne kilio kilirudi, nikaambiwa hali ikizidi kuwa mbaya ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Fikiria mtu anayezama kuambiwa hivyo. Nikaacha kumwambia yeyote kwamba nazidi kuzama, kwa sababu kumbe ndiyo kupona.

Siku ya chanjo, muuguzi alinipa karatasi yenye maswali 10 juu ya siku saba zilizopita. Ni kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya sonona baada ya kujifungua. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 13 ya wanaojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Nikajibu haraka haraka hadi swali la 10, linalouliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Kalamu ikasimama. Nikatia alama kwenye "mara chache", nikaigeuza karatasi kifudifudi.

Aliigeuza, akaisoma. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akavuta kiti karibu, akasema, "Mama, haya tuanze na wewe."