Mti wa mgongoni umekubali: usomaji wangu wa Beloved, sura ya pili

Sura ya pili imesimama! Muhtasari wa Beloved, riwaya ya Toni Morrison kuhusu Sethe, mwanamke aliyetoroka utumwa, sitoi; wanaofuatilia mradi huu wameshaisoma. Niende moja kwa moja kwenye kilichonitesa muda wote huu: ule mti ulio mgongoni mwa Sethe, yaani makovu ya kiboko yanayoitwa mti.

Nadharia ilikuwa upande wangu, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Ufeministi wa mazingira, tangu mwandishi Mfaransa Françoise d'Eaubonne aupe jina mwaka 1974, unashikilia kwamba kumtawala mwanamke na kuitawala ardhi ni kazi ya mkono mmoja. Kwenye riwaya ya utumwa huhangaiki kutafuta ushahidi. Sheria ya Virginia ya 1662 ilisema mtoto afuate hali ya mama yake, kwa hiyo kila aliyezaliwa na mtumwa alikuwa mali ya bwana. Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, uzazi wa wanawake waliokuwa tayari nchini ukazidi kuwa na bei. Ndiyo maana yule Mwalimu, msimamizi wa Sweet Home, shamba alikotumikishwa Sethe, anamtazama Sethe na kumpigia hesabu ya miaka kumi ya kuzaa iliyobaki, kama mfugaji.

Sasa njoo kwenye fundo lenyewe. Mwalimu huyohuyo anawaagiza wanafunzi wake waandike sifa za Sethe za kibinadamu kushoto, za kinyama kulia. Basi mhakiki akisifu jinsi Sethe alivyo karibu na maumbile, mti ukachanua mwilini mwake na kadhalika, sifa hiyo inaangukia safu gani? Ya kulia. Nimesoma makala kadhaa zinazopita hapo zikiimba bila kushtuka. Mwanafalsafa Val Plumwood alishaonya mwaka 1993 kwamba kukisifu kilichodharauliwa, huku ule mgawanyo wenyewe ukiachwa ulivyo, hakumkomboi mtu. Nakubali, lakini onyo halikunipa njia ya kuusoma ule mti.

Njia ilipatikana nilipoacha kuuliza mti una maana gani, nikauliza ni nani anayesema ni mti. Sethe hajawahi kuuona mgongo wake. Aliyeona shina, matawi, majani na maua ya cheri mwitu ni Amy Denver, msichana wa Kizungu naye mkimbizi. Paul D, mwanamume aliyekuwa mtumwa pamoja naye Sweet Home, kwanza anaona kazi ya mhunzi hodari. Baadaye, akishalala naye, anaona rundo la makovu ya kuchukiza. Sethe mwenyewe anaurudia usemi wa Amy, basi. Halafu tazama anachokazania yeye. Paul D anauliza habari za kiboko, anajibiwa kuhusu maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Anashangaa kwamba walimpiga akiwa mjamzito, anajibiwa tena kwamba walimnyang'anya maziwa yake. Wahakiki tumekuwa Paul D, macho mgongoni, na mwanamke anatuambia jambo lingine kabisa! Mti ni sitiari ya watazamaji. Maziwa ni kitu chake, yana mwenyewe, yana mtoto anayeyasubiri, na yaliibwa. Hapo hoja ya mazingira inapata miguu: tunazungumzia uporaji, na habari za ukaribu na maumbile zinaweza kukaa pembeni.

Kidogo kuhusu zana. Utafutaji wa neno kwenye kitabu cha kielektroniki ni mtego. Ukiandika "mti" unapata miti iliyoitwa mti, huku kile kichaka anamojificha Denver, binti wa Sethe, kikikupita. Programu kubwa za kuweka alama kwenye matini zina rangi nyingi kuliko faida. Mimi natumia jedwali la kawaida: ukurasa, kiumbe, nani anasema, mwili wa nani. Safu ya "nani anasema" ndiyo iliyofungua kila kitu, na hakuna programu ingenishauri niiweke.

Mpango ulikuwa sasa niingie kwenye maji: Mto Ohio, Denver kuzaliwa, yule msichana Beloved kutoka majini. Nauweka kando, kwa sababu jedwali limeniletea wino. Wino ulioandika ile orodha ya safu mbili aliutengeneza Sethe, na Mwalimu aliupenda kwa jinsi alivyouchanganya. Anayeandikwa mnyama ndiye mwenye ujuzi uliowezesha maandishi! Unganisha na utando wa buibui ambao Amy anauweka kwenye majeraha, na Paul D kufuata maua ya miti kutoka Georgia hadi Delaware kwa maelekezo ya Wacherokee. Kote humo maumbile ni maarifa na kazi, na wanaume nao wamo. Naongeza safu ya tano, "nani amefanya kazi", na naanza kuijaza upya tangu ukurasa wa kwanza. Sura ya maji isubiri.