Nilitazama vidole gumba kuliko midomo

Mpwa wangu alipomaliza kutengeneza gemu yake ya kupigana ya simu hakuniomba pesa, aliniomba watu. "Mjomba, wewe wajulikana na mtaa mzima. Nitafutie watu waicheze, kisha waniambie ukweli." Ramadhani ilikuwa imebaki wiki moja. Nikamkubalia papo hapo, maana hapa Majengo, Mombasa, hakuna uhaba wa vijana wenye simu wala wa watu wenye maoni.

Gemu yenyewe ni ya mtindo wa zamani kwa makusudi. Picha zake ni za vidoti vikubwa vikubwa, wapiganaji wawili waonekana kwa ubavu, saa ya juu inaanza 99 na kushuka, na atakayechukua raundi mbili ndiye mshindi. Nyuma yao amechora kivuko cha Likoni, ukuta wa Fort Jesus na zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Kampuni ya Capcom ilipotoa gemu ya kupigana ya Street Fighter II mwaka 1991 kijana huyu alikuwa hajazaliwa, lakini ameidurusu kama mtu anavyodurusu chuo: teke la nani linafika wapi, ngumi ya nani inachelewa kurudi. The King of Fighters '98, gemu nyingine ya kupigana, haikosekani kwenye simu yake. Hii yake aliitengeneza peke yake, usiku, baada ya kutoka kibaruani, mwaka mmoja na nusu.

Mimi nami nimelelewa na gemu hizi. Mwaka 2001 palikuwa na kibanda cha PlayStation nyuma ya nyumba yetu, pambano moja la Tekken 3 kwa shilingi tano, anayeshindwa anaondoka. Pale ndipo nilipojifunza kwamba wachezaji hawakosi la kusema. Aliyemchagua Eddy, yule Mbrazili anayepigana huku akicheza kapoera, aliambiwa si mchezaji, ni mbahatishaji, kwa kuwa ukipapasa vitufe vya mateke tu alikuwa anamwaga mapigo. Waliolalamika zaidi ni waliokuwa hawajawahi kumchukua wakamcheza sawasawa.

Basi nikaanza vibaya. Niliwatumia gemu watu 23 kwenye simu zao, nikangoja. Majibu yakaja: "Iko sawa." "Tamu." "Mbaya." "Picha zake za kizamani." Wengine waliuliza tu ni MB ngapi na kama yachezeka bila bando, wakajibiwa (48, na ndiyo), wakanyamaza. Nilimpelekea mpwa wangu yale majibu, akayasoma akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa hii 'mbaya', mjomba, niitengeneze wapi?"

Nilikaa nayo siku mbili. Kisha Ramadhani ikaingia, na usiku wa Ramadhani Mombasa ndio mchana wetu. Baada ya tarawehe watu hujaa barazani, huku karata, huku keram, mwenye kahawa amepitisha dele lake. Nikachukua simu tatu: yangu, ya mpwa wangu, na moja ya zamani iliyopasuka kioo pembeni, maana simu za namna ile ndizo zilizojaa mtaani. Nikachukua na daftari la mistari. Nikajiwekea masharti. Nikae kushoto kwa mchezaji, nitazame mikono yake kabla ya kutazama kioo. Nisimfundishe kitu. Na nisimuulize gemu ikoje, ila nimuulize neno moja tu kila anapokunja uso: "Hapo ulitaka kufanya nini?"

Swali hilo lilifungua kila kitu. Ukimuuliza mtu gemu ikoje, anakupa hukumu. Ukimuuliza alitaka kufanya nini, anakupa habari.

Wa kwanza alikuwa kijana wa tuktuk, mchezaji hodari, aliyekuwa ameniandikia "mbaya" wiki iliyotangulia. Nikamuuliza. Akasema, "Nataka nirushe moto. Moto hautoki."

Kwa asiyezijua gemu hizi: ngumi na mateke ya kawaida hubonyezwa tu, lakini pigo maalumu lina njia yake. Ryu wa Street Fighter II hutupa moto ukisukuma usukani chini, ukauzungusha kupitia pembeni hadi mbele, ukabonyeza ngumi. Robo ya duara. Mpwa wangu aliiga njia hiyo hiyo. Kwenye padi ya PlayStation kidole hupapasa ukingo wa kitufe kikajua kilipo. Kwenye kioo hakuna ukingo, ni ulaini mtupu.

Nikamwambia, "Rusha mara kumi." Nikainamia mkono wake. Kidole gumba cha kushoto kilianza katikati ya usukani uliochorwa, sawasawa. Mara ya pili kikasogea kulia kiasi cha ukucha. Mara ya tatu kikasogea tena. Kufikia mara ya tano kidole kizima kilikuwa nje ya mchoro, na yeye hana habari, macho yako kwa adui. Moto ulitoka mara mbili kati ya kumi, na zote mbili zilikuwa zile za mwanzo. Niliandika hivyo kwenye daftari, nikachora na duara na alama ya mahali kidole kilipoishia. Sikuandika "mbaya".

Usiku ule ule nilimwonyesha mpwa wangu mchoro. Alikuwa amekuja na hasira zake tayari, "Hawa hawajui kucheza, mjomba," lakini alipouona mchoro alikaa kitako. Kwa siku mbili akabadilisha mambo matatu. Usukani ukawa unaumbika pale kidole kinapotua, popote upande wa kushoto. Ile pembe ya katikati ya chini na mbele ikawa si lazima, maana kwenye kioo kidole huiruka. Na akaongeza muda. Gemu hizi huhesabu wakati kwa fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa kila sekunde, naye alikuwa amempa mchezaji fremu 10 kumaliza mzunguko, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Akampa 18. Kijana wa tuktuk aliporudi alirusha saba kati ya kumi, na wala sikumwambia kilichobadilika.

Vitufe navyo vilipungua kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa ameweka sita kama mashine za Street Fighter II, ngumi tatu na mateke matatu. Niliwatazama watu saba mfululizo, hakuna hata mmoja aliyegusa vile vya kati. Kidole gumba cha kulia ni kimoja tu, na kina kazi. Tulijadiliana tukakubaliana na vinne, kama mashine ya Neo Geo ya kampuni ya SNK ilivyokuwa, na kama Tekken inavyogawa kitufe kimoja kwa kila mkono na kila mguu.

Lakini lililonichukua muda mrefu ni hili la "gemu inakwama". Wanne walilalamika, na mimi barazani sikuona ikikwama hata mara moja, hata kwenye ile simu ya zamani. Nilidhani wanasingizia. Kisha nikatazama tena majina daftarini: wote wanne walikuwa wameicheza mchana. Mmoja kwenye foleni ya feri, mmoja sokoni Kongowea, wawili ndani ya matatu. Nikaelewa. Simu ikipata moto sana hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na jua letu la saa saba mchana halihitaji msaada. Juu ya hapo kuna jasho. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme, tone la maji likikaa pale nacho hulidhania ni kidole. Mtu anainama kujikinga, gemu inaona ameruka. Nilimwona dada mmoja akipangusa kidole kwenye leso baada ya kila raundi, kwa mazoea kabisa, kama anayepangusa mkono wa unga.

Nilimwambia mpwa wangu maneno hayatoshi, twende. Tukaenda Likoni saa saba, na saumu zetu, tukakaa mahali wazi pasipo kivuli. Baada ya robo saa simu ilikuwa haishikiki. Wapiganaji wake wakawa wanatembea kama walio ndani ya maji. Hakusema neno. Njiani kurudi akaanza kuhesabu mwenyewe: vumbi la ukutani liondoke simu ikichoka, mawimbi ya nyuma ya kivuko yasimame, lakini ngumi na teke zisipoteze hata fremu moja. Nilifurahi kuliko siku niliyoiona gemu kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa anaitengenezea watu wanaoishi kwenye joto hili.

Wazee wa karata nao walikuwa na lao. Mzee mmoja, ambaye ujanani alikuwa baharia na alizicheza mashine za kutia sarafu kwenye bandari za watu, alicheza raundi nne akaisukuma simu. "Huyu yuwajikinga kabla sijapiga!" Wenzake wakasema ni uzee. Nami nikakumbuka kuuliza: alitaka kufanya nini? Alitaka kumdanganya adui kwa ngumi ya juu kisha ampige chini. Nikatazama. Kweli, kila alipobonyeza, kompyuta ilikuwa imeshajikinga katika fremu ile ile. Mpwa wangu akakiri: adui wa raundi za mwisho alikuwa anasoma kitufe chenyewe, hasubiri kuuona mkono. Mzee alikuwa ameibiwa kweli na ameugundua wizi bila kujua hata neno moja la programu. Sasa adui anangoja fremu 15 kabla ya kujibu, robo ya sekunde, kama binadamu mwenye macho mazuri.

Palipotuletea ugomvi ni kosa moja ambalo wachezaji walilipenda. Ukiruka ukapiga teke karibu na ardhi, ungeweza kuunganisha ngumi mbili kabla adui hajatanabahi. Haikukusudiwa. Mpwa wangu alitaka kuliziba, vijana wakapiga kelele. Nikamkumbusha kisa anachonisimulia yeye mwenyewe kila siku: mfululizo wa mapigo katika Street Fighter II ulikuwa kasoro pia, watengenezaji wake waliugundua walipokuwa wakikagua ile hatua ya kuvunja gari, wakauacha, na leo gemu nyingi za kupigana zinao. Alinyamaza siku tatu. Aliliacha kosa lile, ila akalipunguzia nguvu.

Si kila maoni niliyapeleka. Kulikuwa na wawili waliotaka damu na viungo vinavyokatika, nikaona si gemu yake hiyo. Muziki wengine waliupenda, wengine waliuzima, basi. Na kulikuwa na mvutano wa haki kabisa kati ya watoto waliotaka moto utoke kwa kitufe kimoja na wale wakongwe wa The King of Fighters waliosema ukirahisisha hivyo aliyejifunza miezi mingi atakuwa amepata nini. Hapo sikupiga kura, kwa sababu wote wawili walinionyesha mikono yao na wote walikuwa na hoja. Street Fighter 6, ya mwaka 2023, ilikuta mzozo huu huu ikaruhusu njia fupi lakini pigo lake likawa na nguvu kidogo kuliko la anayezungusha mwenyewe. Mpwa wangu amefuata njia hiyo. Wakongwe bado wananung'unika. Mimi naona amefanya sawa, maana sitaki mtoto aiache gemu kabla hajaonja moto hata mara moja.

Idd pili tulikwenda Makadara na zile simu tatu, tukakaa kwenye mkeka kando ya mwenye viazi karai. Akaja mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, mikono ina hina mpaka kwenye viganja, akaniuliza, "Ami, hii yalipwa?" Nikamwambia hapana. Alichagua njia fupi, akarusha moto wa kwanza, wa pili, wa tano. Raundi ya tatu aliniuliza mbona wa adui unauma zaidi kuliko wake. Mpwa wangu akafungua mdomo kumweleza, nikamgusa goti anyamaze. Mtoto aliingia kwenye mipangilio mwenyewe, akazima njia fupi, akashusha kidole gumba chake chenye hina chini, akakizungusha polepole hadi mbele. Haukutoka. Akakipangusa kwenye gauni, akajaribu tena.

Nilifungua daftari nikaandika saa.