Nilivyokata maji yaliyokuwa yanapanda chini ya barabara

Lami ilikuwa inapasuka na kubonyea kwenye njia za magurudumu hata kiangazi, mitaro ikiwa mikavu kabisa. Hapo nikaacha kuilaumu mvua. Tulichimba shimo pembeni mwa barabara, maji tukayakuta chini zaidi ya kimo cha mtu, lakini udongo ulikuwa umelowa mpaka ulipogusa kifusi kinachobeba lami. Maji yalikuwa yanapanda yenyewe, kama mafuta kwenye utambi.

Mambo yote yako kwenye ukubwa wa vitundu kati ya chembe. Kitundu chenye kipenyo cha milimita 1 huinua maji sentimita 3 hivi tu. Cha milimita 0.01 kinaweza kuyafikisha mita 3. Udongo wetu ulikuwa wa chembe laini mno, ule unaotimka vumbi ukikauka. Kuushindilia zaidi kusingeyazuia maji. Nilitaka kuweka kati yake na kifusi tabaka la vitundu vikubwa ili maji yakwamie hapo, yaani mchanga.

Lakini si mchanga wowote. Niliupima kwa njia ambayo kila mtu anaimudu: bomba la plastiki linaloonyesha ndani, chini nimefunga kitambaa, nikajaza mchanga mkavu na kulisimamisha kwenye beseni lenye maji kidogo. Nikaliacha hadi siku ya pili, kisha nikapima sehemu iliyobadilika rangi. Mchanga mweupe mzuri, ambao kila fundi aliusifu, ulipandisha maji kupita sentimita 30. Ule wa chembe nene, unaokwaruza mkononi, haukufika hata 10. Nikachukua huo. Maabara ilithibitisha kwamba chembe zinazopita chekeche ya milimita 0.075 hazizidi asilimia 5. Vumbi likizidi, vitundu huziba na kazi yote ni bure.

Unene wa tabaka lazima uzidi kimo ambacho mchanga wenyewe unapandisha maji. Tuliweka sentimita 25 baada ya kushindilia, tukimwagia maji mengi, kwa sababu mchanga wenye unyevunyevu tu hutuna na haukazi. Malori yalimwaga kifusi cha juu yake kwa kusonga mbele juu ya kile kilichokwisha kutandazwa. Yakikanyaga mchanga mtupu huzama magurudumu. Juu na chini ya mchanga tulitandika jiotekstaili, kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji, ili udongo laini usiuingie.

Kilichotuletea ubishi ni kingo. Msimamizi alitaka mabega ya barabara yafunikwe kwa udongo mfinyanzi ili yapendeze. Nikakataa. Mchanga uliofungwa pande zote unageuka bwawa: maji yanayopenya kutoka juu hayana pa kutokea. Tukauacha utokeze kwenye mteremko wa tuta, ukiwa na mwinamo kuelekea nje, na sakafu yake juu ya kiwango cha juu kabisa ambacho maji ya mtaro hufikia. Mafuriko yakilifikia tabaka, halizuii tena chochote.

Baada ya masika tulichimba tena. Chini ya mchanga udongo ulikuwa tope. Juu yake kifusi kilikuwa na unyevu uleule tulioshindilia nao. Sasa kazi iliyobaki ni kufyeka nyasi na kuondoa matope pale mchanga unapotokeza kwenye mteremko, kila mara mitaro inaposafishwa.